Mukene Arudi Kwenye Bakuli la Mbwa

Hotuba kwa wafugaji wa mbwa wa Walukuba na Masese, Jinja

Wazee wangu, mama zangu, ndugu zangu askari wa ulinzi mliotoka zamu ya usiku mkaja hapa kabla ya kulala, asanteni. Vijana mliokuja na mbwa, shikeni kamba vizuri. Nimekuja na ndoo ya samaki na wao wameshainusa.

Nasema Kiswahili kwa sababu hapa Walukuba ndiyo lugha inayotukusanya. Wazee waliotutangulia walikuja kutoka kila upande, wengine kwa ajili ya bwawa la Owen Falls lililozinduliwa mwaka 1954, wengine kwa ajili ya viwanda, wakakuta kwamba bila Kiswahili hawawezi hata kuombana chumvi. Mimi ni muuza samaki wa Masese, mwaka wa kumi na tisa huu. Sikusomea udaktari wa mifugo. Ninayowaambia nimeyapata kwa madaktari waliokubali kujibu maswali yangu mengi, na kwa mbwa wangu wawili, ambao mmoja wao nusura nimpoteze kwa ujinga wangu. Nitafika huko.

Nani hapa hakijui chakula cha mbwa wa Uganda? Sufuria kubwa nyeusi, unga wa posho, yaani wa mahindi, au pumba, viganja viwili vya mukene, yaani dagaa wa ziwani, vinapikwa pamoja mpaka mwiko usimame. Babu yangu alilisha hivyo maisha yake yote. Kasoro zake tunazijua. Wanga ni mwingi mno, nyama hakuna, na pumba zikikaa vibaya huota ukungu wenye sumukuvu, na sumukuvu huharibu ini la mbwa kimyakimya mpaka siku anapoanza kutapika na macho kuwa ya manjano. Kwa hiyo wengi wenu mlipoanza kulisha mbwa chakula kibichi, nilifurahi. Mlikwenda kwa wachinjaji mkanunua mapafu, matumbo, kipande cha ini, vichwa na miguu ya kuku. Nimewaona mbwa wenu. Meno yamekuwa meupe na panya wamepungua mitaroni kwa kuwa mbwa ana nguvu za kuwinda.

Lakini tulipomwaga posho, tulimwaga na mukene.

Hilo ndilo lililonileta hapa. Mbwa wa babu yangu, pamoja na pumba zake zote, alikula samaki mzima kila siku, kichwa, macho, mifupa na mafuta. Mbwa wetu wa leo anayekula kibichi anaweza kumaliza mwaka bila kuonja samaki hata mmoja, akiwa anaishi mita mia tano kutoka ziwani. Nikiuliza kwa nini, naambiwa kwamba samaki anayefaa ni salmoni, na salmoni ni ghali. Au naoneshwa kichupa cha mafuta ya samaki cha dukani ambacho bei yake inanunua karai zima la mukene. Ndugu zangu, tumekaa juu ya ziwa kubwa kuliko yote Afrika, kisha tunanunua mafuta ya samaki wa bahari ya mbali kwa matone.

Niseme kwanza kwa nini samaki anahitajika, maana mtu asipojua sababu, mwezi mmoja wa shida ukija atamwacha.

Kuku wa kizungu tunaowanunulia mbwa vichwa na miguu wamelishwa mahindi na soya. Mafuta yao yamejaa omega 6. Omega 6 si adui, mbwa anaihitaji, lakini inataka mwenzake, omega 3, ili mwili usibaki umewaka. Ngozi inayowasha, masikio yanayonuka kila baada ya wiki mbili, viungo vinavyokakamaa asubuhi kwa mbwa mzee: omega 3 haiponyi yote hayo, lakini husaidia kuutuliza huo moto. Na hapa kuna kosa ambalo nalisikia kila wiki. Mtu ananiambia, "Mama, mimi namtilia simsim." Simsim ni tamu na ni chakula chema kwetu, lakini mafuta yake karibu yote ni omega 6 na aina nyingine, omega 3 ndani yake ni kidogo sana. Hata mbegu za kitani, ambazo kweli zina omega 3, zina ile ya mimea, na mwili wa mbwa hugeuza sehemu ndogo tu kuwa zile mbili anazozihitaji, ambazo madaktari huziita EPA na DHA. Hizo mbili zimo ndani ya samaki, kwa sababu samaki amekula wadudu wa majini waliokula miani midogo inayozitengeneza. DHA ndiyo inayojenga ubongo na macho ya mtoto wa mbwa akiwa bado tumboni na wakati ananyonya. Kwa hiyo mwenye mbwa jike mwenye mimba asikilize mara mbili.

Kuna na vitamini D. Sisi tukiota jua, ngozi inatutengenezea. Mbwa hata alale juani Masese kutwa nzima, ngozi yake haimtengenezei ya kumtosha. Lazima aipate kwenye chakula. Miguu ya kuku na mapafu hayana ya maana. Ini lina kiasi, samaki ana zaidi.

Jambo moja la haki: mkisoma ushauri wa nje mtaambiwa samaki huleta na madini ya joto, yaani ayodini. Hiyo ni sifa ya samaki wa bahari. Samaki wetu wa maji baridi wana kidogo. Msimtegemee mukene kwa hilo.

Sasa nije kwenye jambo ambalo nataka mlibebe hata kama mengine yote yatawatoka njiani.

Jirani yangu mmoja, mtu anayempenda mbwa wake kama mtoto, alinisikia nikisifu mukene. Akaanza kununua mukene mbichi kwangu, wale wanaotoka mtumbwini bado wanang'aa kama sindano. Kwa kuwa mbwa wake alikuwa kwenye chakula kibichi, akampa hivyohivyo, wabichi, kila siku, bakuli kwa bakuli. Mimi nikawa napokea pesa na kufurahi. Mwezi wa kwanza mbwa alinawiri. Mwezi wa tatu akaanza kusukuma bakuli kwa pua. Tukadhani amechoka na ladha. Baadaye miguu ya nyuma ikaanza kupepesuka kama ya mlevi, kichwa kikawa kinainama kuelekea kifuani, na usiku mmoja akapata degedege. Jirani aliniamsha saa nane za usiku. Tulidhani ni sumu, kuna mtu amemtegea. Wengine walinong'ona kichaa cha mbwa, ingawa alikuwa amechanjwa, na kulikuwa na waliotaka apigwe mawe kabla ya mapambazuko.

Daktari wa mifugo alipofika hakuuliza nani adui yenu. Aliuliza anakula nini. Tulipomwambia, akachoma sindano ya vitamini B1, ambayo jina lake jingine ni thiamini, akarudia kesho yake. Siku ya tatu yule mbwa alisimama akanywa maji. Aliponyanyuka nilikaa chini kwenye udongo nikalia, maana samaki walikuwa wangu.

Haya ndiyo aliyotueleza. Ndani ya miili ya aina fulani za samaki kuna kimeng'enya kinachoitwa thiaminasi. Kazi yake ni kuivunja thiamini. Mbwa akila samaki huyo mbichi, kimeng'enya kinavunja vitamini B1 iliyomo ndani ya bakuli lote, hata ile iliyotoka kwenye nyama. Mbwa hana ghala kubwa la B1 mwilini. Akikosa kwa wiki kadhaa, ubongo na mishipa ya fahamu ndiyo inayolipa. Si jambo jipya. Miaka ya 1930 huko Minnesota, Marekani, mbweha waliofugwa kwa ajili ya manyoya walilishwa samaki wabichi aina ya kapu, wakapooza na kufa, na ugonjwa huo mpaka leo unaitwa kwa jina la mwenye shamba lile, Chastek. Kapu ni wa kundi kubwa la samaki ambalo mukene wetu naye yumo, na katika kundi hilo wenye thiaminasi ni wengi.

Sikilizeni sasa. Kugandisha hakukiui kimeng'enya hiki. Kukausha juani si kinga ya kuaminika. Moto ndio unaokivunja. Wale wanaofundisha chakula kibichi kwenye nchi za baridi husema, "Mgandishe samaki, kisha mpe." Wanasema hivyo kwa sababu wanaogopa minyoo, na baadhi yao, hasa pwani ya kaskazini-magharibi ya Amerika Kaskazini, wana ugonjwa wao wa salmoni unaobebwa na mnyoo mdogo wa mtoni. Ugonjwa huo si wetu. Kwa mukene, friza peke yake haitoshi.

Bibi aliyetia mukene kwenye sufuria ya posho hakuwahi kusikia neno thiaminasi. Lakini sufuria yake ilichemka.

Kwa hiyo mimi hufanya hivi. Maji yakichemka nawatia mukene, nawaacha dakika tano mpaka kumi, naepua. Sitii chumvi, kitunguu wala nyanya. Kitunguu, kibichi au kilichopikwa, huharibu damu ya mbwa, na hili wengi hawalijui kwa sababu mbwa haanguki siku ileile. Yale maji simwagi. Mafuta yanayoelea juu ndiyo hayohayo tunayoyatafuta, na sehemu ya vitamini za kundi B imebaki mle. Yakipoa namimina yote juu ya nyama yake mbichi. Mifupa ya mukene ni laini hata akichemshwa, mbwa anamla mzima, na mifupa hiyo inampa kalsiamu.

Kijana mmoja alinibishia wiki iliyopita: "Mama, ukichemsha si kibichi tena." Ni kweli. Nyama mbichi, mfupa mbichi, na samaki aliyepita motoni, ndani ya bakuli moja. Nimekaa na mbwa aliyeinamisha kichwa usiku kucha, na sitabishana kuhusu jina la chakula. Moto huo wa dakika chache haumalizi omega 3. Unaomharibu samaki ni ule wa kumkaanga kwenye mafuta yaliyotumika mara nne.

Mtaniuliza kuhusu samaki wakubwa, sato na sangara, ambao kwa Kiganda tunawaita ngege na mputa. Hawa si wa kundi la mukene, na wako watu wanaowatoa wabichi baada ya kuwagandisha. Kuua minyoo kwa baridi kunataka nyuzi 20 chini ya sifuri kwa siku saba. Ni nani kati yetu ana friza inayokaa siku saba bila umeme kukatika? Na minyoo ipo. Mkipasua sato mtakuta mara nyingine vijimfuko vya manjano kwenye nyama, na kwenye kambare minyoo iliyojikunja tumboni. Utepe mweupe mnaouona ndani ya tumbo la mukene wakati mwingine usiwatie hofu sana, huo hukomaa ndani ya ndege wanaokula samaki, lakini moto unaumaliza hata hivyo. Mimi wote nawachemsha.

Kwa samaki mkubwa shida inageuka: mfupa wake ukipikwa huwa mgumu na mkali. Hapo siwezi kumpa mbwa kitu kizima kama mukene. Nachemsha kichwa cha sangara au mgongo wazi, ule mfupa unaobaki baada ya viwanda kutoa minofu inayokwenda Ulaya, nauacha upoe, natoa nyama yote kwa vidole. Kuna nyama nyingi kuliko watu wanavyodhani, mashavuni, nyuma ya kichwa, kati ya mbavu. Mifupa natupa mahali mbwa hafiki. Matamvua na matumbo natupa pia. Kambare nampunguzia kwanza ile miiba miwili ya mapezi ya pembeni. Ukimwacha nayo hata mkono wako hausalimiki. Kichwa cha sangara kina mafuta mengi, kwa hiyo mbwa aliyewahi kuugua kongosho, au mbwa mnene anayelala getini kutwa, asipewe.

Sasa lile la ujinga wangu.

Sangara wengi hapa hunaswa kwa mishipi mirefu yenye ndoano mamia. Samaki akimeza ndoano mbali, mvuvi mwenye haraka hukata uzi, ndoano inabaki kooni mwa samaki. Nilijua hilo kwa miaka mingi, kila muuza samaki anajua. Siku moja nimechoka, nimemaliza kuuza, nikamtupia mbwa wangu Simba kichwa cha sangara bila kukifungua. Alikitafuna kwa dakika moja kisha akaanza kukohoa na kupangusa mdomo kwa miguu. Nikamfungua kinywa nikaona uzi unaning'inia. Nikauvuta. Hapo ndipo nilipokosea mara ya pili, na ndilo ninalotaka mlisikie vizuri: uzi unaotoka kinywani mwa mbwa usiuvute. Ukiuvuta unazidi kuizamisha ndoano kwenye nyama ya koo. Funga mbwa kamba, mtulize, usimpe chakula wala maji, mpeleke kwa daktari. Simba alilazwa kwa dawa ya usingizi, ndoano ikatolewa, na kwa majuma mawili alikula uji kwa kijiko. Yuko hai, yule pale chini ya mwembe, mwenye shingo pana. Tangu siku hiyo sijatoa kichwa cha sangara bila kukipasua mpaka kooni na kupapasa kwa vidole. Nina sumaku ndogo niliyoitoa kwenye spika mbovu, naipitisha juu ya nyama kabla ya kumimina. Ndoano ni chuma, itanasa.

Tuje sokoni, kwa sababu mlitaka bei nafuu.

Mukene huvuliwa usiku kwa taa, na taa inafanya kazi vizuri kukiwa na giza. Mwezi ukiwa mpevu, samaki hawakusanyiki kwenye taa, mitumbwi mingi hupumzika, na bei inapanda. Kwa hiyo msinunue kwa tarehe ya mshahara, nunueni kwa mwezi wa angani. Siku za giza njoo na ndoo yako, nunua wa kutosha, chemsha, gawanya kwenye kavera (mifuko ya plastiki) ndogondogo za mlo mmoja mmoja, gandisha. Umeme ukikatika nusu siku, samaki aliyekwisha kuchemshwa ana nafasi zaidi kuliko mbichi, ingawa akiyeyuka na kupata joto si wa kugandisha tena, mpe siku hiyohiyo au mtupe.

Asiye na friza anunue mukene mkavu. Hapa kuna wa aina mbili. Kuna waliokaushwa juu ya chanja za wavu, ambao ni safi na bei yao iko juu, na kuna waliomwagwa chini kwenye mchanga, ambao huuzwa kama chakula cha kuku na nguruwe. Wafugaji wengi wa mbwa hununua hawa wa chini, na sitawakataza, ila mchanga ule husaga meno na ukijaa tumboni unaweza kuziba. Waloweke kwenye maji mengi, wakoroge kwa mkono, wachote kutoka juu, usimimine. Mchanga utabaki chini ya beseni. Rudia mara tatu, mpaka usikie beseni limenyamaza. Ndipo uwachemshe.

Mtazame pia rangi na harufu. Mukene mkavu mzuri ana mng'ao wa fedha na harufu ya samaki. Aliyekaa muda mrefu anageuka kahawia au manjano, na ukimtafuna mmoja ulimi unapata uchungu. Huyo mafuta yake yameoza. Si kwamba hana faida tu, mafuta yaliyooza humla mbwa vitamini E. Mwenye harufu ya dawa ya wadudu, mwache palepale hata kama ni wa bure. Na makayabo, yale ya chumvi yanayopelekwa Kongo, si chakula cha mbwa hata uyaloweke usiku mzima.

Na msiokote samaki wanaoelea. Mwishoni mwa 2020 na mwanzoni mwa 2021 sangara walielea ziwani wakiwa wamekufa kwa wingi, na serikali ilisema ni upungufu wa oksijeni majini. Niliona watu wakijaza magunia kwa ajili ya mbwa na nguruwe. Hata kama kilichomuua ni hewa tu, samaki huyo amekaa kwenye jua saa ngapi? Wazee wa hapa wanaukumbuka pia mwaka 1999, Ulaya ilipofunga soko lake kwa samaki wetu kwa sababu kulikuwa na wavuvi waliotumia sumu ya wadudu kuvulia. Mwaka ule mitaa hii ilijua njaa. Samaki ambaye mimi mwenyewe singemla, simpi Simba.

Kiasi. Mbwa mzima wa kilo 25 anayekula kibichi hula kama gramu 600 kwa siku, zaidi kidogo akiwa wa doria. Kwa wiki ni kilo nne na kitu. Sehemu moja ya kumi iwe samaki, yaani kama gramu 400 za samaki kabla ya kupikwa, zigawe kwenye milo miwili, tuseme Jumatano na Jumamosi. Mukene mkavu ameshapoteza maji, kwa hiyo gramu 100 zake zinatosha wiki nzima. Hilo ni bakuli dogo. Hesabuni wenyewe fungu moja la sokoni linamaliza wiki ngapi. Anza na kijiko kimoja kwa siku tatu. Choo kikilainika punguza, kikirudi sawa ongeza. Msiseme kwa kuwa kidogo ni chema basi kingi ni chema zaidi. Mwenye kumpa mbwa wake ini kila siku asiongeze tena mafuta ya ini la samaki, maana vitamini A ikizidi nayo ni sumu ya polepole kwa mifupa. Samaki wa kopo kwenye mchuzi wa nyanya sitawazungumzia sana: chumvi, kitunguu, bei.

Liko jambo linalonisumbua moyoni na lazima niliseme mbele yenu. Mukene ni chakula cha watoto. Katika zahanati zetu akina mama wanafundishwa kumsaga na kumtia kwenye uji wa mtoto, na mgongo wazi ambao zamani ulitupwa, leo ni mboga ya familia nyingi hapa Masese. Ndiyo maana nimesema sehemu moja ya kumi, na si bakuli zima. Mbwa halindi nyumba ambayo mtoto wake amelala na njaa kwa ajili ya mbwa. Kama pesa ya wiki hii inanunua fungu moja tu, fungu hilo ni la mtoto, na mbwa apewe maji ya kuchemshia na vichwa. Wiki ijayo mwezi utakuwa gizani.

Mabibi na mabwana, tunaishi pia na majirani. Wapo kati yetu Waislamu ambao wanatunza twahara ya vyombo vyao. Sufuria ya mbwa iwe yake, na isioshwe kwenye bomba la pamoja wakati watu wanachota maji ya kutawadhia. Wapo wa ukoo wa Mamba na wa Nkejje, ambao samaki hao ni miiko yao. Wageni kutoka pwani wakisikia mamba huelewa yule mnyama mwenye meno. Kwetu mamba ni kamongo. Kama jirani yako ni wa ukoo huo, usimpasulie kamongo mbele ya mlango wake ati ni wa mbwa. Na mikono ioshwe kwa sabuni kila baada ya kushika nyama mbichi, hasa mwenye mimba na mwenye mtoto mdogo.

Askari mmoja hapa mbele ameinua mkono tangu nilipotaja gramu. Anasema mbwa wake wa doria ana miaka kumi na moja, meno ya nyuma yamekwisha, na ameanza kukataa miguu ya kuku. Afande, huyo ndiye ninayemtaka kwanza. Ndoo hii ina mukene wa usiku wa jana, nimewaleta wabichi makusudi ili mwaone. Jiko limeshawashwa pale chini ya mwembe na maji yamekaribia kuchemka. Mlete pole pole, Simba hana ubaya. Tutamchotea kijiko kimoja na maji yake, tusubiri tuone kama atalamba.